Kuskani slaidi za zamani nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye sanduku la slaidi, zile picha ndogo za filamu za kuonyesha kwa projekta, chini ya kitanda au juu ya kabati, anayetaka picha hizo ziingie kwenye kompyuta bila sanduku kutoka nyumbani. Maswali yanatoka kwa watu wa Marangu hadi Ngaramtoni, na mengi huanza na mashine gani inunuliwe. Mashine ndiyo sehemu rahisi. Kinachokula muda ni vumbi, rangi na majina, na hapo ndipo majibu yamerefushwa.

Nitajuaje kama nilizonazo ni slaidi na si negativu?

Inyanyue mbele ya dirisha. Ukiona rangi za kawaida, migomba ya kijani na anga la bluu, hiyo ni slaidi. Negativu rangi zake zimegeuzwa, na zile za rangi zina utando wa chungwa juu yake. Slaidi nyingi zimefungwa kwenye fremu ya kadibodi au plastiki ya milimita 50 kwa 50, na picha yenyewe ina milimita 36 kwa 24. Ukikuta picha ya mraba ndani ya fremu kama hiyo, huenda ilipigwa na kamera ya Instamatic, iliyotumia filamu ya 126 kuanzia 1963. Kishikio chake kwenye skana ni kile kile.

Steshenari ya jirani ina skana. Kwa nini slaidi inatoka nyeusi?

Skana ya karatasi inamulika kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi. Slaidi inataka mwanga uipenye, uingie upande mmoja na kutokea wa pili, kwa hiyo unahitaji skana yenye taa kwenye kifuniko, au mashine maalumu ya filamu. Zile mashine nyembamba za ofisini zina tatizo la pili: zinaona vizuri kile tu kinachogusa kioo, na filamu ya slaidi imeinuliwa na fremu yake. Hata ukibuni taa ya kuweka juu, picha haitakuwa kali.

Basi ninunue skana ipi?

Ziko za aina mbili. Kuna skana bapa zenye taa kwenye kifuniko: Epson Perfection V600 inachukua slaidi 4 kwa mpigo, V850 inachukua 12. Kisha kuna mashine za filamu peke yake, kama Plustek OpticFilm, ambazo unasukuma slaidi moja moja kwa mkono. Za Plustek zinatoa picha kali zaidi, ila utakaa nayo muda wote unasukuma. Skana bapa unaipakia, unakwenda kuchemsha chai, unarudi.

Kwa familia yenye mamia ya slaidi pamoja na albamu za picha za karatasi, tungechukua skana bapa bila kusita, maana itaskani na vyeti. Mwenye slaidi chache zilizopigwa na mtu aliyejua kamera yake, anayetaka kuzichapisha kwa ukubwa wa ukutani, atafute Plustek.

Zile mashine ndogo za bei nafuu zenye kioo kidogo mbele, ambazo slaidi inamalizika kwa sekunde chache, kwa kweli ni kamera ndani ya boksi. Mashati meupe yanaungua na vivuli vinakuwa lami. Zinafaa kutengenezea orodha ya kilichomo sandukuni, basi.

Nimepata skana ya mtumba. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Kwanza uliza vishikio vya slaidi viko wapi. Vipande hivyo vya plastiki ndivyo hupotea kabla ya kila kitu, na skana bila vishikio vyake ni usumbufu. Pili, soma kibandiko cha umeme kwenye adapta au nyuma ya mashine. Kikisema 100–240 V, ni salama. Kikisema 120 V peke yake, ilitengenezwa kwa soko la Marekani na umeme wetu wa 230 V utaichoma, utahitaji transfoma. Tatu, angalia tundu la waya. Mashine nzuri za zamani za filamu, zikiwamo baadhi ya Nikon Coolscan, zinatumia SCSI au FireWire, ambazo kompyuta yako ya leo haina. Nne, baadhi ya skana zina kufuli ya kusafirishia kwa chini. Isipofunguliwa, mashine itanguruma bila kwenda na utadhani ni mbovu.

Draiva ya kiwanda ikikosekana kwa Windows mpya, usikate tamaa mapema. Programu ya VueScan inaendesha skana nyingi ambazo watengenezaji wake wameshazisahau. Ni ya kulipia, lakini unaweza kuijaribu kwanza uone kama inaitambua mashine yako.

Niweke dpi (nukta kwa kila inchi) ngapi?

Kwa skana bapa, 2400 inatosha kwa slaidi nyingi. Hesabu yake: upana wa milimita 36 unakupa pikseli 3,400 hivi, na urefu wa milimita 24 pikseli 2,270 hivi. Jumla ni kama pikseli milioni 7.7, ambazo zinachapa vizuri ukurasa wa A4. Slaidi uliyoipenda sana ipandishe hadi 3200.

Boksi la V600 limeandikwa 6400, na watu hulipia namba hiyo kwa moyo mkunjufu. Lenzi yake haifikii hata nusu ya hapo kwa undani unaoonekana. Ukiskani kwa 6400, faili moja ya TIFF, aina ya faili ya picha isiyopoteza undani, inapita MB 160 na huoni unyoya mmoja wa ziada. Kwa Plustek, 3600 ina maana, kwa sababu lenzi yake inaweza kuifikia.

Nimesafisha, lakini picha bado ina madoa meupe na nywele. Ninakosea wapi?

Kwanza, si kila doa ni vumbi. Doa jeusi kwenye skani ya slaidi ni vumbi, kwa sababu limezuia mwanga. Doa jeupe au la rangi mara nyingi ni mkwaruzo au dawa ya filamu (tabaka lenye picha) iliyobanduka, na hilo hakuna brashi itakayoliondoa. Kwa hiyo kuza picha hadi asilimia 100, tazama anga kwanza, na utenganishe aina hizo mbili kabla ya kuanza kusugua.

Kwenye skana bapa, vumbi lina nyuso nne za kukaa: mbili za slaidi, na mbili za kioo, juu na chini. Doa likionekana mahali pale pale kwenye slaidi tofauti, liko kwenye kioo. Likihama na slaidi, liko kwenye slaidi. Upande wa chini wa kioo uache kama unavyoukuta, isipokuwa umechafuka sana na una fundi anayejua kuufungua.

Sasa chumba. Januari na Februari mjini Arusha, na miezi ya kiangazi kabla ya vuli kule Moshi, vumbi la barabarani linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Deki sakafu kwa maji, subiri ikauke, zima feni, funga dirisha la upande wa barabara. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ndiyo saa bora. Vua sweta la nailoni, kwa sababu linachaji filamu na filamu iliyochajiwa inavuta vumbi lote la mezani.

Kifaa kikuu ni kipulizio cha mpira. Ukikosa cha kamera, nenda duka la dawa ununue pampu mpya ya mpira ya kunyonyea kamasi za mtoto. Ioshe, ikauke kabisa ndani, kwa sababu nyingine zina unga. Shika slaidi kwa fremu, wima, upulize pande zote mbili ili vumbi lidondoke chini badala ya kutua upya. Fremu za kadibodi zinatoa nyuzi kwenye kingo za ndani, ndizo zile nywele unazoziona pembeni mwa picha, kwa hiyo pitisha brashi laini sana kwenye kingo hizo kisha upulize tena. Usipulize kwa mdomo. Mate yakitua kwenye dawa ya filamu yanaacha alama ya kudumu. Na tafadhali, khanga, tisheti na karatasi za chooni zikae mbali.

Alama za vidole ni kazi nyingine. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, tone moja kwenye pamba ya kusafishia lenzi, upande unaong'aa tu, bila kukandamiza. Ile ya asilimia 70 iliyojaa madukani ina maji, na maji hatuyataki karibu na filamu. Spiriti ya bluu ina rangi. Kama huna isopropili ya kweli, iache alama ilivyo uiondoe kwenye kompyuta.

Slaidi zina nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Nazo ni vumbi?

Hiyo ni kuvu, fangasi kwa lugha ya mtaani. Dawa ya filamu imeshikiliwa na jelatini, na jelatini ni chakula. Sanduku likikaa kwenye chumba chenye unyevu msimu mzima wa masika, fangasi hujipatia meza. Ubaya ni kwamba baada ya kuliwa, jelatini inakuwa rahisi kuyeyuka kwa maji, na ukiipangusa kwa kitambaa chenye unyevu unafuta na picha.

Tenga slaidi hizo na nyingine. Ziweke kwenye chombo kinachofunga, pamoja na vile vipaketi vya silika vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, zikauke siku kadhaa. Puliza nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua. Kisha skani kama zilivyo. Utando utaonekana, na utauziba kwa mkono ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Inachosha, lakini uso wa mtu unabaki.

Nitajuaje upande sahihi wa kuweka slaidi?

Ielekeze kwenye mwanga wa dirisha kwa pembeni. Upande mmoja unang'aa sawasawa. Huo ni wa plastiki. Upande mwingine umefifia kidogo, na kwenye Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, utaona hata michoro ya picha imejiinua juu yake. Huo ndio wenye dawa. Kwenye skana bapa za Epson, upande unaong'aa unatazama chini kwenye kioo. Fremu nyingi za Kodak zina maandishi ya Kiingereza yanayosema upande huu uelekee skrini; hayo yanasaidia kama hakuna aliyewahi kufungua fremu na kuirudisha kinyume. Nakala ya slaidi iliyotengenezwa kutoka slaidi nyingine nayo inaweza kukudanganya.

Kwa hiyo malizia kwa kuitazama picha yenyewe. Vibao vya maduka vinasomeka? Usukani wa gari uko kulia? Na kama mlima umo, una kipimo kisichokosea: ukisimama Moshi ukatazama Kilimanjaro, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Slaidi ya mjini yenye Mawenzi kushoto imegeuzwa. Isipokuwa kama ilipigwa upande wa Kenya, kutoka Amboseli, ambako mpangilio ni huo huo wa kinyume, na wanaobishana juu ya hilo mezani huwa hawakuuliza kwanza picha ilipigwa wapi.

Programu ina kitufe cha kuondoa vumbi chenyewe. Nikitumie?

Kwa slaidi nyingi za rangi, ndiyo, na kwa furaha. Teknolojia ya Digital ICE na zinazofanana nayo zinapitisha mwanga wa infraredi. Rangi za filamu zinauruhusu upite, vumbi na mikwaruzo vinauzuia, kwa hiyo mashine inajua doa liko wapi na kuliziba. V600 inayo. Plustek 8100 haina, 8200i inayo. Inaongeza dakika kwenye kila slaidi, lakini dakika hizo ni chache kuliko za kuziba kwa mkono.

Pana mahali inapofeli. Slaidi ya nyeusi na nyeupe ina fedha halisi ndani, na fedha inazuia infraredi, hivyo mashine inaona picha nzima kuwa ni uchafu na kuivuruga. Kodachrome nayo ina tabia ya kuichanganya, hasa kwenye sehemu zenye giza: kope zinapotea, kingo za majani zinalainika ovyo. Jaribu slaidi moja ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, ulinganishe macho ya mtu. Macho yakibadilika, zima.

Vitufe vingine, vya kunoa picha na kupunguza chengachenga, vizime vyote wakati wa kuskani.

Kwa nini nusu ya slaidi zangu zimekuwa nyekundu na nusu ziko kama za jana?

Soma fremu. Zilizobaki salama, uwezekano mkubwa zimeandikwa Kodachrome. Filamu hiyo ilianza kuuzwa 1935, na rangi zake ziliingizwa wakati wa kuisafisha maabara badala ya kuwamo ndani ya filamu tangu kiwandani. Gizani inakaa miongo mingi bila kupauka. Kodak waliacha kuitengeneza 2009, na maabara ya mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, ilipokea filamu za mwisho Desemba 2010. Udhaifu wake ni mwanga wa projekta: Kodachrome iliyoonyeshwa mara nyingi inapauka kuliko ndugu zake.

Nyekundu-zambarau ni mara nyingi Ektachrome za miaka ya 1950 na 1960, au chapa nyingine za wakati huo. Rangi ya samawati iliyomo imekufa gizani humo humo, hata kama sanduku halikufunguliwa, na joto limeharakisha. Hizo ndizo za kuskani kwanza. Kodachrome inaweza kusubiri hadi mwakani.

Kuzirudisha: skani kwa biti 48, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko biti 24 za kawaida, kisha ndani ya GIMP fungua levo za rangi, uchukue nyekundu, kijani na bluu moja moja. Kwa kila moja, sogeza vishale vya pembeni hadi vikutane na mahali histogramu, ile grafu ya mwanga, inapoanza na inapoishia. Kazi hiyo peke yake inarudisha sehemu kubwa. VueScan na programu ya Epson zina kitufe cha kurudisha rangi zilizofifia, na kinafaa kuanzia. Kisha tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe, shati la shule au ukuta wa chokaa, na urekebishe hadi kiwe cheupe kweli. Barafu ya Kibo inavutia kutumiwa kwa kazi hiyo, lakini asubuhi na jioni huwa ya waridi kihalali, na ukiilazimisha iwe nyeupe utawafanya watu wote wa mbele wawe na rangi ya mgonjwa.

Kodachrome kwenye skana hutoka na bluu nyingi. Programu kama SilverFast ina chaguo maalumu la Kodachrome. Lichague, usipambane nayo kwa mkono.

Nyuso za watu zinatoka nyeusi tii, au mashine inazipausha zionekane za majivu. Nifanye nini?

Hili tungependa liulizwe zaidi. Filamu ya slaidi ina nafasi ndogo sana kati ya cheupe na cheusi, na wapigaji wengi walipima mwanga kwenye kitu cheupe kilichokuwa jirani: ukuta wa kanisa, theluji, kanzu. Ngozi nyeusi ikabaki kivulini. Kisha skana ikiachwa ijiamulie, inaona uso mweusi kama kosa la kurekebisha.

Chukua mfano wa kwaya imesimama kwenye ngazi za kanisa saa sita mchana, wote kwenye kanzu nyeupe. Ukibonyeza kitufe cha otomatiki, nyuso zinang'ara, lakini kanzu zimekuwa karatasi moja nyeupe bila mkunjo, na mstari wa pili wa waimbaji umemezwa na wa kwanza. Zima otomatiki. Shusha mwanga hadi mikunjo ya kanzu ionekane, ndipo skani kwa biti 48. Baadaye, ndani ya kompyuta, nyanyua katikati ya mstari wa toni (kwenye GIMP unaitwa Curves) taratibu, ukiangalia shavu la mtu mmoja: wekundu na kahawia vya ngozi vinapaswa kuja kabla ya kijivu. Kijivu kikianza, umepita, rudi nyuma kidogo. SilverFast ina njia ya kuskani mara mbili kwa mwanga tofauti na kuunganisha, na kwa picha za namna hii inalipa muda wake. Uso ukibaki mweusi kuliko unavyotaka, huenda mtu huyo alikuwa mweusi hivyo. Muulize anayemjua.

JPEG au TIFF?

TIFF kwa faili mama, JPEG kwa kutuma. Kwa 2400 dpi, TIFF ya biti 24 ni kama MB 23. Slaidi 600 ni chini ya GB 14, ambazo siku hizi hazijazi hata flashi ya kawaida. Zile unazotaka kurekebisha rangi ziwe za biti 48, ukubwa mara mbili.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Laptopu ina betri, skana haina. Unapoteza skani iliyokuwa inaendelea, si zaidi, kama programu inahifadhi kila picha inapomalizika. Skana hizi hazili umeme mwingi, kwa hiyo UPS ndogo ya kompyuta inatosha kukuvusha hadi mwisho wa kishikio. Umeme unapokuja kwa kishindo ndipo adapta huungua, kwa hiyo chomoa ukutani ukikatika.

Sina skana. Simu inaweza?

Kwa kutambua kilichomo, ndiyo. Weka kompyuta ionyeshe ukurasa mweupe, inua slaidi sentimita tano hivi juu ya kioo ili nukta za skrini zisionekane, zima taa za chumba, upige kwa ukaribu. Mwenye kamera ya lenzi kubadilisha na lenzi ya makro ya 1:1, inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi, anaweza kupata matokeo yanayoshinda skana bapa, na kwa kasi kubwa, akiwa na stendi imara na taa nyeupe nzuri. Hiyo ni shule yake.

Fremu zangu zina vioo na skani ina pete za rangi.

Pete hizo zinatokea filamu inapogusana na kioo laini. Fungua fremu, toa filamu, iweke kwenye fremu mpya ya plastiki isiyo na kioo. Kioo kilichovunjika kishike na glovu.

Nimekuta vioo vikubwa vya mraba kwenye nyumba ya zamani ya misheni. Ni slaidi pia?

Ndizo babu zake: slaidi za taa ya projekta, picha juu ya kioo, nyingi zenye upande wa sentimita 8.3 hivi. V600 haizifai kwa sababu taa ya kifuniko chake inafunika ukanda mwembamba tu, V850 inafaa. Zishike kingoni, usibandue ile karatasi nyeusi inayozizunguka. Na kabla ya kujichosha, fahamu kwamba picha nyingi za wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi Uchagani na Meru zimeshawekwa mtandaoni kwenye hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Huenda yako imo, ikiwa na maelezo yake.

Picha za mlima tu, bila watu, zina maana?

Zina maana kubwa. Asilimia 85 ya eneo la barafu la Kilimanjaro lililopimwa 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Slaidi ya Kibo yenye mwaka na mahali iliposimama kamera ni ushahidi. Usiitumie barafu kukisia mwaka, lakini: theluji ya msimu inaweza kufunika mlima kwa wiki moja na kumdanganya yeyote.

Hakuna mwaka wala jina. Nitaanzia wapi?

Kwenye fremu. Kodak waligonga mwezi na mwaka kwenye fremu nyingi, ila ni tarehe ya kusafishwa filamu, na filamu iliweza kukaa kwenye kamera tangu Krismasi hadi Pasaka. Kisha mwandiko wa kalamu. Kilele kikiitwa Kaiser Wilhelm, mwandishi alikuwa wa kabla ya Uhuru, au mkaidi. Jina la Uhuru lilikuja na Desemba 1961. Neno Tanganyika linaelekea kabla ya Aprili 1964. Uwanja wa KIA hauwezi kuwamo kwenye slaidi ya kabla ya mwisho wa 1971.

Majina ni kazi ya Desemba. Ndugu wakishapanda Moshi kuhesabiwa, kama wanavyotaniwa, weka JPEG kwenye flashi, chomeka kwenye runinga ya sebuleni baada ya chakula, na uwe na simu inarekodi sauti. Usimwonyeshe shangazi picha 300. Chagua 40, na anza na zile zenye watu wengi, maana mmoja akitambuliwa anamvuta mwenzake. Wakibishana kama huyu ni Eliufoo au mdogo wake, andika majina yote mawili na nani alisema nini. Tena kilicho nyuma ya watu pichani nacho kiulizwe: kihamba cha nani, nyumba ile ilivunjwa lini.

Jina la faili liwe fupi na linalopangika: 1967_Kibosho_sanduku2_014. Mwaka usio na uhakika uandike 196x. Namba hiyo hiyo iandike kwa penseli kwenye fremu, ili faili na slaidi zijuane.

Nihifadhi wapi nakala?

Tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje (hard disk), moja nje ya nyumba hiyo, kwa dada aliyeko Dar au kwenye hifadhi ya mtandaoni kama bando linaruhusu. Flashi ni ya kusafirishia, isiwe ghala. Ukituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na miaka miwili baadaye hiyo iliyobanwa ndiyo watu watakayopeleka kuchapisha kwenye fulana za msiba.

Slaidi ni za parokia, au za hospitali. Naweza kuziweka mtandaoni?

Kuskani kwa ajili ya kuhifadhi, omba ruhusa ya mwenye sanduku, kwa maandishi. Kuweka mtandaoni ni jambo jingine. Picha ya mgonjwa au ya mtoto isitoke hata kama imepita miaka 50. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwapo, huyo ni bibi wa mtu.

Nikishamaliza, nitupe slaidi?

Hapana. Slaidi inabaki kuwa picha ya asili, na skana za baadaye zitaweza kuisoma upya. Zitoe kwenye vijaladi vya plastiki laini vinavyonuka, hiyo ni PVC na inadhuru. Polipropilini inafaa, au masanduku yake ya awali. Zisikae darini: chini ya bati mchana ni tanuri. Zisikae sakafuni wakati wa masika. Rafu ya kati ya kabati la chumba cha kulala, upande usiopigwa na jua, inatosha.

Na projekta ya zamani, bado ina kazi?

Kama feni inazunguka na taa inawaka, ina kazi ya jioni moja moja. Jaribu kwanza kwa slaidi isiyo na thamani, uone kama haikwami wala haipati joto kupita kiasi. Feni ikiwa imekufa, usiwashe taa kabisa, itakunja filamu. Slaidi za kuonyesha ziwe zimeshaskaniwa, na Kodachrome zisikae mbele ya taa zaidi ya sekunde chache kila moja.